Kuni za Mgongoni: Namna ya Kumlindia Mtoto Mchanga Joto Lake

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Lushoto, mwezi Julai, saa tisa usiku, na sifa ya kwanza aliyopewa duniani ilikuwa upole. Hakulia sana. Mama mkwe alimchungulia ndani ya kanga, akamgusa paji la uso, akaniambia, "Mwanangu, mshukuru Mungu, umepewa mtoto mtulivu. Na joto lake zuri kabisa, hebu mguse." Nikamgusa kichwani, na kweli kichwa kilikuwa na joto.

Kulipokucha akaingia muuguzi wa zamu ya asubuhi. Yeye hakugusa kichwa. Alipenyeza mkono chini ya kanga, akazikusanya nyayo mbili katika kiganja kimoja, akanyamaza kidogo kama mtu anayehesabu. "Mama, mara ya mwisho amenyonya saa ngapi?" Sikuwa na jibu, maana hakuwa amenyonya; tulikuwa tunamwacha apumzike. Akaifungua ile kanga. Ndiyo iliyomfuta alipozaliwa na ndiyo iliyomfunika usiku kucha, na upande wa ndani ulikuwa bado na unyevunyevu. Akaiweka kando, akanifungua vifungo vya sweta, akamlaza mtoto kifuani kwangu akiwa na nepi na kofia tu, akatufunika sote wawili kwa blanketi. "Huyu hana upole wowote," alisema, bila ukali. "Ana baridi. Anaunguza kuni zake."

Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Baadaye, nilipoanza kusoma na kuwauliza wanaojua, nikaona kwamba alikuwa amenipa somo zima kwa maneno matatu. Mtoto mchanga huja duniani na kuni zake mgongoni. Homoni ndizo zinazoziwasha, na kuni zenyewe ni chache. Nakuandikia wewe unayetarajia mtoto, au unayekwenda kumhudumia binti, dada au mkeo akijifungua, uelewe moto huo unavyowaka ili ujue namna ya kumwachia mtoto akiba yake.

Tuanze na kuni zenyewe. Mafuta tunayoyafahamu, yale ya tumboni na mapajani, ni meupe, na kazi yake kubwa ni kuweka akiba. Mtoto mchanga anayo hayo, lakini anayo pia mengine ya rangi ya kahawia. Yamekaa katikati ya mabega, shingoni, makwapani, nyuma ya mitulinga na kuzunguka figo, karibu na mishipa mikubwa, ili damu ikipita ichukue joto na kulisambaza mwilini. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, mafuta haya ni kama asilimia 2 hadi 6 ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 3 hiyo ni gramu 60 hadi 180. Hata kikombe cha chai hayajazi.

Ukahawia huo unatokana na mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli, ambavyo vina madini ya chuma. Katika seli za kawaida, mitokondria hufanya kazi kama bwawa la kufua umeme: nguvu ya chakula inajazwa upande mmoja, kisha inaachiwa ipite kwenye mtambo na kutoa nishati ambayo mwili unaitumia kusogeza misuli, kujenga ngozi, kufikiri. Katika mafuta ya kahawia kuna protini maalumu iliyo kama mlango wa pembeni wa bwawa. Ukifunguliwa, maji hayapiti mtamboni. Yanaporomoka tu, na nguvu yote inageuka joto. Kwa mtu anayehesabu umeme huo ungekuwa upotevu. Kwa mtoto aliyetoka sasa hivi mahali penye nyuzijoto 37 na kuangukia chumba chenye nyuzijoto 20, upotevu huo ndio uhai.

Mtaalamu wa Uswisi, Conrad Gessner, aliyaeleza mafuta haya mwaka 1551 alipomchunguza mnyama wa milima ya Alps anayelala msimu wote wa baridi, akashindwa kusema kama ni mafuta au nyama. Ilipita miaka 400 kabla kazi ya mafuta hayo kujulikana vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Hull na Michael Dawkins wa Oxford waliwapoza watoto wachanga wa sungura na kuona mafuta ya shingoni na mabegani yakipata joto kuliko sehemu nyingine za mwili. Yalipoondolewa, uwezo wa kujipasha ukaondoka nayo.

Hapa pana jambo moja ambalo ningependa kila bibi na kila baba alijue. Wewe ukishikwa na baridi unatetemeka, na kutetemeka huko ni misuli inayotengeneza joto. Mtoto mchanga hatetemeki. Anaunguza mafuta ya kahawia kimyakimya, huku akiwa ametulia, macho yamefumba, na wote waliomzunguka wanasema amelala vizuri. Dalili unayoitegemea kwa mtu mzima haitakuja.

Sasa homoni. Mtoto akiwa tumboni, kuni zimezuiwa zisiwake. Uchunguzi uliofanywa kwa kondoo umeonyesha kwamba kondo la nyuma hupeleka kwa kijusi prostaglandini na adenosini, ambazo huyazuia mafuta ya kahawia kufanya kazi. Na moto ungekuwa wa nini? Mtoto aliye tumboni ana joto linalomzidi hata mama kwa karibu nusu nyuzijoto. Kitovu kikikatwa, kizuizi kinaondoka. Wakati huohuo hewa inaigusa ngozi iliyolowa, ubongo unapata habari, na mishipa ya fahamu inamwaga noradrenalini moja kwa moja ndani ya mafuta ya kahawia. Hiyo noradrenalini ndiyo kiberiti. Inaziamuru seli zivunje matone ya mafuta, na mafuta yaliyovunjwa ndiyo yanayoufungua ule mlango wa pembeni.

Lakini kiberiti hakiwashi kuni mbichi. Anayezikausha ni tezi ya shingoni, dundumio. Ndani ya nusu saa baada ya kuzaliwa, ubongo wa mtoto hutuma wimbi kubwa la homoni ya kuiamsha tezi hiyo, nayo inamimina thairoksini. Mafuta ya kahawia yana kimeng'enya chake chenyewe cha kuigeuza thairoksini kuwa homoni yenye nguvu zaidi, palepale inapohitajika, na homoni hiyo huziwezesha seli kutengeneza protini ya mlango na kuitikia noradrenalini. Kotisoli nayo, inayopanda katika wiki za mwisho za ujauzito, huwa imeshaitayarisha mitambo hii yote. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati anakosa vyote viwili: mafuta yenyewe hayajajengeka, na homoni za kuyatayarisha hazijapanda. Nitamrudia, kwa sababu yeye ndiye anayetuhusu zaidi.

Basi ukishajua kwamba kuni hazijazi hata kikombe na kiberiti kinawaka mara tu mtoto anapotoka, kazi yako inaeleweka. Hushindani na hali ya hewa. Unamwondolea mtoto sababu ya kuziunguza.

Dakika za kwanza ndizo zinazokula akiba kuliko zote. Mtoto asipokaushwa, joto lake linaweza kushuka nyuzijoto 2 hadi 4 ndani ya dakika 10 hadi 20, kwa sababu maji yanayokauka mwilini huondoka na joto. Usidanganywe na hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa. Mtoto aliye uchi siku ya kwanza hujisikia salama kwenye nyuzijoto 32 hadi 34. Chumba cha nyuzijoto 28 chenye feni juu, ambacho wewe unajipepea ndani yake, kwake ni baridi, hasa akiwa amelowa. Kwa hiyo katika mfuko wa kwenda kujifungua weka vitambaa vitatu safi vilivyofuliwa na kukauka vizuri, vitenge au taulo nyepesi, pamoja na kofia na soksi. Cha kwanza ni cha kumkaushia: kichwa kwanza, mgongo, makwapa, mapaja. Kikishafanya kazi hiyo kinaondoka, kisimguse tena. Cha pili ndicho cha kumfunika. Cha tatu kiwe akiba, maana mtoto atakojoa. Mimi nilikuwa na kanga mpya sita mfukoni usiku ule, zimekunjwa vizuri, na mwanangu alilala ndani ya ile iliyolowa.

Akishakaushwa, mahali pake ni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa mgongo na kuvishwa kofia. Mueleze mkunga mapema, kabla uchungu haujakolea: "Sista, nikishajifungua naomba mtoto akae kifuani kwangu." Ikiwa mama hana hali nzuri, kifua cha baba kinafaa, na cha bibi pia. Akae hapo walau saa moja bila kubanduliwa. Kupimwa uzito kunaweza kusubiri.

Kuogeshwa nako kusubiri. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Najua hili linaleta ubishi majumbani, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtoto ametoka na uchafu wa uzazi na ni aibu wageni kumkuta hajaoga. Ule utando mweupe kama samli iliyoganda ni ngozi ya pili: unazuia maji yasikauke mwilini na unamkinga na vijidudu. Futa damu, acha utando. Siku ya kuoga ikifika, chagua saa za mchana, funga madirisha, pima maji kwa kiwiko, muogeshe upesi, na ukaushe kichwa kabla hujahangaika na vidole. Kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake, na kikilowa hupoteza joto haraka.

Kisha jifunze kugusa kama alivyogusa yule muuguzi. Hili halihitaji kifaa chochote. Noradrenalini inapomwagwa kwa sababu ya baridi, haiishii kwenye mafuta ya kahawia. Inabana pia mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki katikati ya mwili. Ndiyo maana nyayo hupoa kwanza. Kichwa kinapata damu nyingi, na shingo iko jirani na jiko lenyewe, hivyo mama mkwe wangu hakusema uongo. Aligusa tu mahali pasipotoa habari. Gusa nyayo, kisha tumbo, kwa mgongo wa mkono wako ulioupasha. Nyayo zikiwa na joto sawa na tumbo, kuni zimetulia. Nyayo baridi na tumbo la joto: moto unawaka na akiba inaisha, mlete kifuani sasa hivi na umnyonyeshe. Nyayo baridi na tumbo baridi: moto umeshindwa, na hapo ni hatari. Katika siku ya kwanza gusa kila mara unapomnyonyesha, na usiku usiache.

Ukiwa na kipimajoto, kiweke kwapani. Nyuzijoto 36.5 hadi 37.5 ndiyo hali njema. Chini ya 36.5, mweke ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yenu, mpe ziwa, kisha pima tena baada ya saa moja. Asipopanda, au kipimo kikiwa chini ya 36, mwone mhudumu wa afya. Chini ya 35.5 usisubiri kupima mara ya pili.

Wangu alichukua karibu saa mbili. Nakumbuka vidole vya miguu vikibadilika ndani ya kiganja changu, kwanza vidole gumba, halafu vingine, kama vyombo vinavyopata uvuguvugu karibu na jiko. Kisha akafumbua macho na kulia kwa sauti kubwa, kilio cha njaa, na muuguzi kule mlangoni akacheka akasema, "Huyo sasa ndiye mwenyewe."

Nguo: mvalishe tabaka moja au mawili zaidi ya unayovaa wewe katika chumba hichohicho. Kofia muhimu, soksi muhimu. Usimfunge kwa kanga mpaka awe kama mkeka uliokunjwa. Nguo zinazobana zinaondoa hewa iliyo katikati, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Tena usimzidishie. Mtoto aliyefunikwa kupita kiasi anachemka, anakuwa mwekundu, anahangaika. Ukipima ukakuta zaidi ya 37.5, punguza tabaka moja na upime tena. Joto likibaki juu, hiyo ni homa, na homa ya mtoto mchanga haitibiwi nyumbani.

Sasa jiko la mkaa. Hapa naomba unisikilize, nami nasema kwa heshima zote kwa mama na bibi zetu wa Lushoto, Njombe, Makete, Limuru na kila penye baridi, ambao waliweka jiko chumbani kwa mzazi kwa sababu ya mapenzi na kwa sababu hawakuwa na kitu kingine. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inakamata damu mahali pa oksijeni, na mtoto ambaye kuni zake zinahitaji oksijeni ili ziwake ananyimwa joto na pumzi kwa pamoja. Mama naye anasinzia asijue kinachotokea. Usiweke jiko katika chumba kilichofungwa, hata kama mkaa umeshika moto sawasawa na moshi umekwisha. Usitumie chupa za maji ya moto zikimgusa mtoto, ngozi yake inaungua kabla hajaweza kujikunja. Kama chumba ni cha baridi, ziba nyufa zinazopitisha upepo, msogeze kitanda mbali na dirisha na ukuta wa nje, na mlale naye kifuani kwa zamu, huku anayembeba akiwa macho. Kifua cha mtu mzima hakikatiki umeme.

Moto una mahitaji mengine mawili zaidi ya kuni. La kwanza ni hewa. Mtoto aliyechelewa kulia, aliyesaidiwa kupumua, hupoa haraka kuliko wenzake kwa sababu mafuta ya kahawia hayawaki bila oksijeni. Mguse nyayo mara mbili zaidi.

La pili ni maziwa. Mtoto anayejipasha joto hutumia pia sukari ya mwilini, na sukari hiyo ni ya saa chache tu. Ikishuka anakuwa mlegevu, halegei tu mikono bali hata ulimi, anashindwa kunyonya, na asiponyonya hapati cha kuunguza, basi anazidi kupoa. Nimeona jinsi mduara huo unavyoanza, na unaanza kwa ukimya. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, hutoka kidogo sana, matone na vijiko, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Usiyakamue ukayamwaga, usisubiri "maziwa meupe yaje," usimpe maji ya sukari wala dawa ya mitishamba mahali pake. Mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, na akilala zaidi ya saa tatu katika siku za mwanzo, mwamshe. Kama hawezi kuvuta, kamua na umnyweshe kwa kikombe kidogo.

Kama mama ana kisukari, au alikipata akiwa mjamzito, jambo hili lina uzito wa pekee, na sababu yake ni homoni tena. Sukari nyingi ya mama ilivuka kwenda kwa mtoto, kongosho la mtoto likazoea kutoa insulini nyingi. Insulini ni homoni ya kufungia ghala: inaziambia seli za mafuta zihifadhi, zisitoe. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado iko juu. Hivyo mtoto mnene wa kilo 4 na nusu, ambaye kila mtu anamwona ameshiba, anaweza kuwa na ghala kubwa lililofungwa kufuli. Sukari yake inashuka saa za kwanza na mafuta hayafunguki haraka kuja kumsaidia. Unene usikutulize. Mnyonyeshe mapema, mara kwa mara, na uwaombe wahudumu wampime sukari.

Turudi kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, na kila aliyezaliwa chini ya kilo 2.5. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta meupe ya kumfunika ni haba, na ya kahawia ni machache. Akitumia alichonacho kujipasha joto, hapati cha kukulia. Unaweza kumnyonyesha vizuri wiki nzima na mizani isisogee. Mwaka 1958 huko New York, daktari William Silverman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililobadilisha wodi za njiti: watoto waliowekwa katika inkubeta zenye joto zaidi kwa tofauti isiyofika nyuzijoto 3 walipona zaidi ya wenzao, tofauti ya watoto 15 katika kila 100. Nyuzijoto tatu tu.

Inkubeta ni ghali na hazitoshi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na wodi iliyojaa kupita kiasi, akaanza kuwaweka njiti vifuani mwa mama zao usiku na mchana. Ndiyo huduma tunayoiita ya mama kangaruu. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa ni ya watoto waliokwisha kupata nafuu. Kisha utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na pungufu kidogo ya kilo 1.8, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kunaokoa maisha: katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12 ya watoto waliowekwa kifuani mara moja, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri kwanza hali yao itulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza ianze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku. Najivunia kwamba mama wa Kitanzania walikuwa miongoni mwa waliolithibitisha hili kwa vifua vyao.

Namna ya kumfunga ni hii. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua chako, miguu imekunjwa kama ya chura, mikono nayo imekunjwa. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kuinuliwa kidogo, kidevu kisiangukie kifuani kwake, kwa sababu shingo ikipinda mbele njia ya hewa inaziba. Funga kitenge kwa nguvu kiasi cha kutosha usimame bila yeye kuteleza, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, lakini tumbo lake lisibanwe, maana hupumua kwa tumbo. Juu yake vaa shati au sweta lenye vifungo mbele. Unapolala, inua mgongo kwa mito. Ukichoka, mwite baba yake. Nimeona wanaume waliokuwa wakiogopa hata kumshika njiti wakikaa naye kifuani saa nne, hawasogei, wanapumua taratibu kwa kuogopa kumwamsha.

Tezi ya shingoni nayo naitaja tena, na nitakuwa mfupi. Haiwezi kutengeneza thairoksini bila madini joto, yaani ayodini, na mtoto aliye tumboni anayategemea unayokula wewe. Tumia chumvi iliyowekwa madini joto tangu mimba ikiwa changa, itunze kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi. Mara nyingi huonekana wazima mwanzoni, kisha katika wiki zinazofuata wanakuwa baridi kila unapowagusa, wanalala mno, wananyonya kivivu, umanjano hauishi, choo kigumu, sauti ya kukwaruza, kitovu kinachochomoza. Mtoto wa namna hiyo tusimsifie upole. Apimwe damu mapema. Dawa yake ni kidonge cha thairoksini, na kikianza katika wiki za mwanzo kinaulinda ubongo wake.

Mwisho ni safari, kwa sababu watoto wengi hupoa njiani wakipelekwa kutibiwa ubaridi. Mtoto ambaye tumbo lake ni baridi, asiyenyonya, anayepumua kwa shida, anayestuka kwa degedege au asiyeamka anapoguswa anatakiwa hospitali leo, usiku huu. Msimfunge blanketi na kumpakata mapajani kwenye bajaji huku upepo unapiga pande zote mbili. Afungwe kifuani pa mama au ndugu kwa namna niliyoieleza, kofia kichwani, koti la mtu mzima likiwafunika wote wawili, pua yake ikiwa wazi na ikionekana. Kama anaweza kumeza, anyonye kabla hamjaondoka na njiani pia. Mkifika mapokezi, msianze na jina wala kadi ya kliniki. Semeni kwanza ana siku ngapi, na kwamba tumbo lake ni baridi. Na anayembeba asimtoe kifuani kumlaza mezani mpaka meza hiyo iwe imepashwa joto na kitambaa kikavu kimeshatandikwa.